Koti la Mbagala, Mvua ya Makambako

Koti la mvua la shilingi 15,000 linaizuia mvua ya Mbagala vizuri tu. Mvua ya Mbagala inakuja kwa fujo, inapiga mabati, inajaza mitaro, halafu baada ya saa moja jua linatoka na koti unalianika kwenye kamba. Mvua ya Makambako haina fujo. Inakuja imelala na upepo, nyembamba, inatafuta shingo, na ikishaipata inashuka mgongoni polepole kama mkono wa kibaka. Haina safari nyingine ya kwenda. Tofauti hiyo niliijua nikiwa juu ya pikipiki, zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani, nimevaa koti la Mbagala.

Chanzo kilikuwa pikipiki mpya. Rafiki yetu mmoja kwao ni Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ndiyo maana kijiweni tunamwita Mnyasa. Alikuwa amemnunulia mdogo wake Boxer 150 akafanye bodaboda kule kwao. Wenye malori wakamtajia gharama ya kuisafirisha, akanuna, akaja kijiweni na hesabu zake: hela hiyo hiyo inatosha mafuta ya pikipiki nne, "na nchi tunaiona." Hesabu ilikuwa mbovu. Ndani yake hapakuwa na chakula, wala gesti, wala kurudi. Lakini Pasaka ilikuwa imekaribia, sikukuu zimejipanga vizuri kwenye kalenda, na hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka Morogoro kwa pikipiki. Tukaipitisha.

Tulikuwa wanne. Mnyasa na mali yake mpya. Fundi, mwenye banda la kutengeneza pikipiki Rangi Tatu, ambaye ndiye tuliyemtegemea injini ikigoma. Ustadhi, muuza simu, mtu wa maneno machache. Mwaka huo Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, naye alikuwa amefunga. Na mimi, karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, mwenye pikipiki kuukuu iliyozoea njia moja tu, ya nyumbani na kazini.

Kwamba ni masika tulijua. Tulijua pia kwamba Nyanda za Juu Kusini mvua zilizoanza Novemba huwa bado hazijaaga mwezi Aprili. Ila tulidhani mvua ni mvua. Ukilowa umelowa, kuna kulowa zaidi?

Maandalizi yetu yalinipa somo la kwanza kabla hata hatujaondoka. Zamani mtu wa pikipiki akiona mawingu alivaa mfuko wa rambo juu ya soksi, akaingiza mguu kwenye kiatu, akaenda zake. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ile ilipopigwa marufuku, tumebaki tunatazamana. Sikusemi vibaya kupigwa marufuku kwake, mitaro yetu ya Mbagala inajua ilikuwa inakula nini, lakini miguu yangu ilikuwa na maoni tofauti. Mfuko uliobaki halali ndani ya nyumba ni ule unaofungia mkate. Basi wiki nzima kabla ya safari nyumbani kwangu tulikula mkate asubuhi na jioni, mke wangu akiuliza kulikoni, na mimi nikikusanya mifuko: miwili ya miguu, mmoja wa kadi ya pikipiki na bima, mmoja wa simu. Wa simu ulikuwa na makombo. Simu ilifika Mbamba Bay inanukia siagi, lakini ilifika.

Tuliondoka Alhamisi Kuu, baada ya Ustadhi kula daku. Kibaha tulipita gizani. Mvua ilitupokea Mlandizi, na bonde la Ruvu lilikuwa jeupe tupu, huoni mto wala daraja mpaka uko juu yake.

Sasa, injini mpya haikimbizwi. Fundi mwenyewe ndiye aliyetupa somo hilo usiku wa kuamkia safari, kwa sauti ya mwalimu: kilomita 500 za mwanzo vyuma ndani vinazoeana, kwa hiyo spidi isizidi 45, sana sana 50, na kila baada ya muda iachwe ipoe. Wote tulikubali. Aliyeshindwa kulifuata somo alikuwa mwalimu. Kufika Chalinze alikuwa amechoka kutambaa. Akawa anatuacha. Anapotea mbele kilomita 10, 15, kisha tunamkuta chini ya paa la duka amekaa juu ya kreti, koti kalifungua, kahawa mkononi. Sisi tukifika tu, tukizima injini tu, yeye anasimama: "Haya twendeni, saa inakimbia."

Ilinichukua siku nzima kuelewa kwa nini mchezo huo uliniudhi kiasi kile. Mwenye kasi anatangulia na anapumzika akiwasubiri wengine. Wa mwisho akifika, mapumziko yamekwisha. Kwa hiyo ndani ya kundi moja kuna mtu amepumzika mara nane na mtu hajapumzika hata mara moja, na aliyechoka ndiye anayeonekana mzembe. Mnyasa, kwenye pikipiki yake ya spidi 45, hakupumzika Chalinze, hakupumzika Mikese, hakupumzika Morogoro. Na hakusema. Mimi nilimwona, na mimi sikusema. Tulikuwa wanaume wanne wenye umri wa miaka thelathini na kitu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka neno "nimechoka".

Mambo mengine ya barabarani tulijifunza kwa kupigwa. Basi likikupita kwenye mvua, kwanza linakuvuta upande wake, halafu linakusukuma, halafu linakumwagia ndoo nzima ya maji machafu usoni. Kwa hiyo ukilisikia nyuma unalegeza mkono kwenye mafuta, unabana magoti kwenye tenki, unafumba mdomo. Ukiwa nyuma ya lori, kaa kwenye mstari wa tairi zake, maana limeshakukamulia maji. Mistari ya rangi barabarani ikilowa inateleza kama sabuni. Na matuta ya vijijini yakifunikwa na maji huyaoni; unayasikia kiunoni. Jambo moja tu lilitunyookea siku hiyo: kwa mwendo wetu, tochi za trafiki hazikuwa na neno na sisi.

Mikumi tuliingia kama saa kumi jioni. Barabara kuu inapasua hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na kuna vibao vinavyokueleza faini ya kila mnyama utakayemgonga. Ukiwa ndani ya basi vibao vile vinachekesha. Ukiwa juu ya pikipiki unajiuliza nani atamlipa nani. Mvua ilikuwa imepungua na nyani walikuwa wamekaa kando ya lami kama watu wanaosubiri daladala. Mbele kidogo lori lilisimama, tukasimama nyuma yake. Utingo akachungulia dirishani, akaweka kidole mdomoni, halafu akatuonyesha mbele. Tembo watatu, mmoja mtoto, walikuwa wanavuka. Walivuka kwa raha zao. Yule mkubwa alisimama katikati ya lami, akageuza kichwa upande wetu, na nikamsikia Mnyasa nyuma yangu akisali kwa Kimatengo. Hatukupiga honi. Hakuna hata aliyekohoa. Wale ndio viumbe pekee waliotupumzisha wote kwa pamoja siku ile.

Tulilala Mikumi mjini, vyumba viwili, nguo zimetundikwa mpaka kwenye swichi ya taa. Ustadhi alifuturu kwa tende mbili na uji, akalala kabla ya ugali kufika. Nilimwambia dini imemruhusu msafiri kula, atalipa baadaye. Akaniambia anajua.

Ijumaa Kuu asubuhi tuliona jua. Ruaha Mbuyuni ni joto, mibuyu imesimama mabondeni kama wazee wa baraza, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye ndoo na nyavu. Tulivua makoti, tukacheka, tukapiga picha. Kisha ukaja Kitonga.

Aliyepanda Kitonga kwa basi anajua zile kona na lile korongo. Kwa pikipiki kwenye mvua, kinachokushughulisha ni lami yenyewe. Malori yanayopanda yanakwenda mwendo wa mtu mzima anayetembea na fimbo, yanaunguruma, yanadondosha dizeli na oili. Yanayoshuka na mzigo wa shaba kutoka Zambia na Kongo yananuka breki zilizoungua. Mvua ikianza, yale matone ya dizeli yanapanda juu ya maji na kutandaza rangi za upinde wa mvua. Mazuri kweli kuyatazama. Tukakuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, hatua chache kati ya tawi na tawi, na kila msafiri wa Tanzania anajua maana yake: mbele kuna lori limekufa. Mimi, Mnyasa na Ustadhi tulipunguza. Fundi alilipita lori lililokuwa mbele yetu.

Sikuona alivyoanguka, niliona alivyoteleza: pikipiki ubavuni, yeye nyuma yake, kama watoto kwenye utelezi wa tope. Alikutana na lori la kushuka, akashika breki ya mbele juu ya dizeli. Bahati ni kwamba lile lori lilikuwa linatambaa na dereva wake alikuwa macho. Lilisimama. Utingo akaruka chini, akamwinua Fundi kwa kwapa, akamtazama juu hadi chini, akasema, "Kaka, huko unakowahi kuna nini?" Fundi akacheka. Sote tukacheka, maana magoti yalikuwa yanatetemeka na kicheko kinasaidia.

Hasara: mkono wa klachi umekatika, kioo kimoja, na koti la mvua limechanika kuanzia kiwiko mpaka begani. Alikuwa amebeba waya wa klachi, plagi mbili, tyubu, viraka, cheni nzima ya akiba. Mkono wa klachi hakubeba. Akatoa plaizi ile ya kujifunga, akaibana pale mkono ulipokuwa, na akapanda Kitonga nzima akibonyeza klachi kwa plaizi. Kwa ufundi mimi namvulia kofia mpaka leo. Lugalo, pale penye mnara wa vita ya Wahehe na Wajerumani ya 1891, tulipita bila kugeuza shingo, kwa kuwa ukigeuza shingo maji yanaingia.

Iringa tulifika jioni, na pikipiki mpya ilikuwa imetimiza kilomita 500 na ushee. Tuliimwaga oili ya kwanza, ikatoka inameta unga wa chuma, tukaweka nyingine. Fundi akanunua mkono mpya wa klachi. Nikamwambia anunue na koti. Akasema la nini, atalishona. Akalishona kwa waya na gundi ya kuziba tyubu, na lilipendeza, na tukamsifu.

Siku ya tatu ndiyo niliyokusudia kuieleza, hayo mengine yote ni njia ya kufikia hapo.

Kutoka Iringa barabara inazidi kukwea. Baada ya Mafinga unaingia kwenye misitu ya Sao Hill, mipaina mistari kwa mistari, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa katikati yake kama moshi wa jiko lililofunikwa. Mvua yenyewe ilikuwa nyepesi, hata ungesema ni manyunyu. Kwa kuwa injini mpya sasa iliruhusiwa kuchangamka kidogo, tulikuwa tunakwenda 60. Nilidhani hiyo ni nafuu. Ila kwa spidi hiyo upepo unakuibia joto kuliko mwili unavyoweza kulitengeneza, na nguo mbichi ndiyo inayomshikia mwizi mlango. Nilikuwa na glavu za sufu, na juu yake glavu za mpira za kufulia, wazo la mke wangu nililolicheka nyumbani na kulibusu Mafinga. Hata hivyo vidole sikuvisikia. Nilikuwa nahesabu vijiji. Nilijisemea: wakisimama nitashukuru, ila mimi siwezi kuwa wa kuomba.

Fundi alikuwa mbele yangu. Tangu Mafinga nilikuwa nayaona mabega yake yakitetemeka. Lile koti lilikuwa limeachia kwenye kiwiko, mkono wote umevimba maji. Kisha mabega yakatulia, nikajiambia, haya, kapata joto. Sikujua kwamba mtu wa baridi akiacha kutetemeka kabla hajapata moto, hapo ndipo pa kuogopa. Indiketa yake ya kulia ikawaka. Hakukuwa na kona. Ikaendelea kuwaka kilomita nzima, na pikipiki ikawa inauonja mstari wa katikati, inarudi, inauonja tena. Nilipiga honi. Hakugeuka. Na hapo, nakiri, nilichofikiri ni kwamba ananidharau kwa sababu ya yale maneno ya koti kule Iringa.

Ustadhi ndiye aliyefanya kitu. Alinipita, akampita Fundi, akakaa mbele yake akapunguza mwendo pole pole huku amenyoosha mkono, kama mtu anayemrudisha ng'ombe zizini, mpaka wakasimama wote wawili pembeni, karibu na kibanda cha mgahawa upande ule wa Nyororo. Fundi akabaki amekaa juu ya pikipiki. Nikamwambia shuka. Akasema, "Niko freshi," lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kilabuni. Alijaribu kufungua helmeti. Vidole vilikigusa kifungo bila kukishika. Mtu ambaye jana yake alifunga klachi kwa plaizi katikati ya Kitonga alikuwa hawezi kufungua kifungo cha kidevuni.

Tulimbeba ndani, tukamweka mbele ya jiko la mkaa na koti lake na kila kitu. Mama mwenye mgahawa alikuwa anakata kabichi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaweka kisu chini.

"Nani kawafundisha kumkausha mtu na maji yake? Mvueni."

Tukasitasita, kuna wateja wawili na binti mmoja mle ndani. Akamtuma binti nje. Akaleta kitenge, akaleta blanketi, akaleta shati la mumewe. Jiko akalisogeza, na mlango hakuufunga, kwa maelezo kwamba mkaa hauna urafiki kwenye chumba kilichofungwa. Mzee mmoja pale kwenye benchi akanyoosha kopo la ulanzi: "Mpeni hii, damu ichemke." Mama akalisukuma kopo. "Baba, pombe itampa joto la uongo, akitoka nje atakufa kweli. Uji kwanza." Kisha akamgeukia Fundi na kumwambia taratibu, kama anamwambia mwanawe wa kumzaa: "Mficha maradhi, baba, mwishowe kilio humuumbua."

Fundi hakutaka uji. Alikuwa anasema tuondoke, tumechelewa. Alikuwa mkali, jambo ambalo sasa najua ni dalili vilevile. Kikombe kimewekwa mbele yake, anakitazama tu, sisi watatu tumemsimamia. Ndipo Ustadhi akavuta kiti, akakaa kando yake, akasema, "Mama, na mimi naomba uji. Wa moto, sukari nyingi. Nimechoka sana."

Alikuwa amefunga siku mbili za safari, kwenye mvua, bila kulalamika. Akaunywa uji mchana kweupe mbele yetu. Fundi alimtazama kwa muda. Kisha akakishika kikombe chake kwa viganja viwili, kwa kuwa vidole vilikuwa bado vimegoma, akanywa. Baada ya robo saa akaanza tena kutetemeka, meno yanagongana, na mama akasema afadhali, sasa anarudi.

Ustadhi sikumuuliza, siku ile wala baadaye. Labda kweli alikuwa amechoka.

Tulikaa pale kwa muda wa saa nne. Mnyasa alisema kwamba tangu Chalinze mgongo unamuua. Mimi nikasema kuhusu vidole. Fundi, ndani ya blanketi, akasema pale Kitonga hakucheka kwa furaha. Ilikuwa ajabu jinsi maneno yalivyotoka mfululizo baada ya mmoja kuanza, kama maji kwenye bomba lililozibuliwa. Na hapo mezani tukatunga sheria moja. Honi mbili fupi maana yake tunasimama. Yeyote anapiga, wakati wowote, na haulizwi kwa nini. Pikipiki mpya inakaa mbele, na wengine wote wanaifuata.

Mama alitupa kitu kingine: magazeti ya zamani. Kifuani, ndani ya shati, kurasa nne nne, yanazuia upepo kuliko sweta. Yalikuwa magazeti ya michezo. Fundi ni Simba wa kufa na kuzikana, na ukurasa uliomwangukia ulikuwa na wachezaji wa Yanga wamenyanyua kombe. Alijadiliana na nafsi yake kidogo. Kisha akaupachika kifuani, picha ikitazama ndani. Tulipotaka kumlipa mama blanketi na usumbufu, alipokea hela ya uji tu.

Makambako tulipita upepo ukitupiga ubavu mpaka pikipiki zinakwenda zimeinama, na Njombe tukaingia na giza. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kuna mablanketi matatu kitandani na hakuna anayekuuliza utafanya nayo nini.

Siku ya Pasaka, kutoka Njombe kwenda Songea, honi mbili zilipigwa mara tisa. Nilihesabu. Mnyasa mara tatu, mimi mara nne, Ustadhi mara moja ya swala, Fundi mara moja. Ile ya Fundi ilikuwa juu ya kona za Lukumburu, ukungu umefunga, huoni gari la mbele. Tukasimama nje kabisa ya lami, tukakaa dakika arobaini tukila viazi vya kuchemsha, na hakuna aliyeuliza. Nilitegemea tungechelewa kupita kiasi. Tulifika Songea saa kumi, mapema kuliko siku nyingine yoyote, sijui kwa hesabu gani. Nadhani mtu aliyepumzika hafanyi makosa yanayokula muda.

Songea ndio mji wa Maji Maji, na Mnyasa hakutuachia tupite hivi hivi. Alituonyesha upande wa makumbusho, akatueleza mashujaa walionyongwa pale Februari 1906. Mababu waliamini maji yatageuza risasi, akasema. Fundi akajitazama, amelowa kuanzia kofia mpaka soksi: "Sisi yametugeuza sisi."

Siku ya tano mvua ilituacha Mbinga. Milima ya Wamatengo ilikuwa imeoshwa, ngoro zao, yale mashamba ya vishimo, zimechorwa kwenye miteremko kama sega la nyuki, kahawa inang'aa. Kutoka pale barabara inashuka na kushuka, masikio yanaziba na kuzibuka, joto linarudi kidogo kidogo, na tulikuwa tunavua nguo moja kila tukisimama. Kisha kwenye kona moja ziwa likatokea, lote, bila kubisha hodi. Nilipiga honi mbili. Tukasimama, na safari hii hata ningeulizwa ningekuwa na jibu.

Mdogo wake Mnyasa alikuwa akitusubiri barabarani tangu asubuhi. Pikipiki yake ilikuwa na tope mpaka kwenye kioo na kilomita zaidi ya elfu moja kabla hajaikalia. Aliizunguka mara mbili. Mama yao akatoka, tukamwamkia, akatushika mikono mmoja mmoja na kuipindua viganja juu, kama anayenunua kitambaa. Jioni tulikula mbasa wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, na sikumbuki tulizungumza nini.

Jumanne alfajiri tulitakiwa kuanza kurudi, watatu, Mnyasa angefuata kwa basi. Ruhusa yangu ilikuwa inaisha Alhamisi, na nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kulala Makambako. Nilivaa soksi, mifuko ya mkate, gambuti. Juu ya ziwa, upande wa Malawi, wingu jeusi lilikuwa limejipanga kutoka ncha moja ya macho hadi nyingine, na upepo ulikuwa umeanza kuyatikisa majani ya migomba.

Fundi alitoka nje, akalitazama kwa muda mrefu mikono ikiwa kwapani. Akarudi ndani, akapanda kitandani, akajifunika shuka mpaka kichwani. Kutoka ndani ya shuka akapiga honi mbili kwa mdomo.

Nilibaki nimesimama mlangoni nikifikiria namna ya kumpigia simu bosi. Kisha nikakaa kwenye kigoda na kuanza kuvuta buti la kushoto, ambalo siku zote ndilo gumu kutoka.